Mwisho Usio na Risasi

Kwa wiki mbili swali moja lilininyima usingizi: je, fundi alianza kulia kabla sijafungua mdomo, au mimi ndiye niliyemliza?

Najua ni swali la mtu anayependa kujitesa. Lakini nililigeuza kila upande. Kama alilia kabla, basi ni sinema iliyomgusa, na kosa langu ni kumvurugia. Kama alilia baadaye, basi sina pa kujificha. Nilikumbuka uso wake ukimeta kwenye mwanga wa skrini, ila sikukumbuka kama ulimeta kabla ya vicheko. Halafu nikajiambia kwamba hata jasho humeta. Ukumbi wetu ni wa mabati juu mpaka chini na hauna dirisha hata moja. Nikageuka upande wa pili, nikaanza upya.

Niliingia katika ukumbi huo mwaka mmoja baada ya kupata digrii ya lugha, nilipokuwa nimechoka kuandika barua za maombi ya kazi zisizojibiwa. Mama mwenye ukumbi wa video hapa mtaani Nyalenda alikuwa anatafuta deejay, yaani mtu wa kukaa kando ya skrini na maikrofoni, akiisimulia sinema ya kigeni kwa Kiswahili huku ikiendelea. Kwetu sinema isiyo na deejay huitwa bubu, na hakuna anayeingia kuitazama. Deejay hatafsiri. Deejay humfanya jambazi kuwa landilodi wa mtaa na sherifu kuwa chifu, na zaidi ya yote, huwachoma watazamaji. Unamchukua mtu aliyeketi pale, anayejulikana na wote, unayaweka maisha yake kinywani mwa mtu mwenye farasi. Anayechomwa hucheka kuliko wengine, la sivyo atachomwa tena. Hiyo ndiyo sheria.

Kitu kimoja hakichomwi. Sikuwahi kuambiwa, kwa kuwa hakuna aliyedhani mtu mzima anahitaji kuambiwa. Mambo ya matanga yanaachwa matangani.

Sinema yenyewe ilikuwa ya kauboi. Ile ya zamani ilikuwa imeonyeshwa ukumbini humo kabla sijafika, na watu waliijua kwa moyo: mzee kauboi anateremka mlimani, anawamaliza maadui wake mmoja mmoja, anapanda farasi, anakwenda zake. Wazungu wakaitengeneza upya. Mama akaipata kwenye flashi, akabandika karatasi mlangoni, na Jumamosi ile benchi zikajaa kabla ya saa tisa alasiri.

Mimi ninayeogopa kila kitu, siku hiyo sikuogopa. Asubuhi niliitazama nusu ya kwanza, stima ikapotea, nikajiambia kwamba mwisho naujua.

Sikuujua. Katika ile mpya mzee anamjengea mkewe nyumba ya mbao. Kila akipandisha boriti, maadui wanakuja, anaacha nyundo, anashika bunduki. Mke anafariki katikati ya sinema. Mwishoni maadui wanaletwa mbele yake, bunduki anayo mkononi, na anawaacha waende. Kisha anaketi kwenye ngazi ya nyumba ile na kuliangalia paa lisilo na mbao. Basi. Karibu dakika saba. Hakuna muziki, ni upepo tu.

Dakika ya kwanza watu walivumilia, wakidhani ni mtego.

"Deejay, huyo amelala?"

"Risasi iko wapi, yawa?"

"Ameishiwa na risasi ama ameishiwa na akili?"

"Omera, mpige yeye mwenyewe basi, mtu afe!"

Mtu akaanza kupiga benchi kwa ngumi. Wengine wakafuata. Kutoka mlangoni Mama alinitazama, akazungusha kidole hewani: sema kitu. Kimya kwenye maikrofoni yangu kilinitisha kuliko kelele zao. Nikawaangalia watazamaji nikitafuta mtu wa kuchoma, na macho yangu yakamfikia fundi kwenye benchi ya nyuma.

Fundi ni mzee wa kazi za mbao, jirani yetu tangu nikiwa shule ya msingi. Nyumba nyingi upande wetu wa mtaa ameziezeka yeye. Mwaka juzi mkewe alifariki, na ndipo mtaa ukajua kwamba huko kijijini kwao fundi hakuwa amejenga. Kwetu mke hazikwi katika boma ambalo mumewe hajamwekea nyumba. Kwa hiyo mwili ulikaa mochari huku yeye na vijana wake wakisimamisha chumba cha mabati kwa siku mbili, mchana na usiku, ili marehemu apate mlango wa kutokea. Mimi nilikuwa kwenye basi la matanga. Nilikaa chini ya kivuli cha mabati hayo nikala wali.

Nikaipa sauti yangu uzee, nikamfanya kauboi aseme:

"Mimi ndiye fundi wa benchi ya nyuma. Nimeezeka mtaa mzima. Mama watoto aliomba paa lake miaka na miaka." Nikapumzika kidogo hapo, kama deejay mzuri anavyofanya. "Nimempa akiwa mochari."

Ukumbi ulipasuka. Mtu alianguka kutoka kwenye benchi. Sijawahi kuwachekesha watu vile, na siwezi kudanganya: kwa sekunde kadhaa nilifurahi. Kisha nikamwona fundi amesimama. Hakucheka. Alipapasa njia kati ya magoti ya watu, mmoja akampigapiga mgongo akimwambia, "Pole, Kauboi," na akatoka kabla sinema haijaisha.

Kumbe kuna aliyerekodi kwa simu. Kufikia Jumatatu sauti yangu ilikuwa kwenye makundi ya mtaa. Kufikia Ijumaa binamu yangu wa Awasi alinipigia kunipongeza. Wiki ya pili ikafika Sondu, na huko ndiko walikozaliwa marehemu na ndugu zake. Mbele ya watu wa ukweni mwanamume wa kwetu huchunga hata namna anavyokaa kwenye kiti. Nasikia shemeji za fundi waliisikiliza wakiwa mezani, na hakuna aliyemaliza chakula.

Hapa mtaani vijana walipopita karibu na kibanda chake cha useremala waliuliza, "Kauboi, paa tayari?" Wanawake walicheka wakishampita.

Jumatano ya wiki hiyo nilikwenda kibandani kwake. Nilikuwa nimetayarisha hotuba, na nilipofika niliipoteza yote. Fundi alikuwa anapiga randa ubao wa kitanda, na mama mmoja, mteja, ameketi kwenye ndoo akingoja.

"Habari ya asubuhi, Mzee."

"Nzuri."

"Nimekuja kuomba msamaha."

"Omba."

"Nisamehe, Mzee."

"Umemaliza?"

Hapo ndipo mtu mwenye akili angeondoka. Mimi nikauliza. "Mzee, siku ile, ulikuwa unalia kabla sijasema, au ni baada ya kusema?"

Randa ikasimama. Akanitazama kwa mara ya kwanza.

"Ulisomea nini wewe?"

"Lugha, Mzee."

"Lugha." Akamgeukia mteja. "Mama, umesikia? Huyu amesomeshwa lugha miaka minne. Sasa amekuja kuniuliza machozi yangu yalitoka saa ngapi."

Mama yule alicheka, akaona uso wa fundi, akaacha.

"Swali lako nenda nalo," akaniambia. "Halinisaidii mimi, linakusaidia wewe." Akapuliza vumbi la mbao kutoka kwenye randa. "Mimi nilitaka kuona kama atamaliza ile nyumba. Wewe ukaleta kelele zako, nikatoka. Mpaka leo sijui."

"Mzee, haku—"

"Usiniambie! Jumamosi mnaiweka tena?"

"Mama wa ukumbi anaitaka. Watu wanaiulizia."

"Nitakuja. Nililipa kiingilio na sikuona nilicholipia. Wewe ukae kimya tu mpaka iishe."

Nilirudi ukumbini nikamwambia Mama kwamba safari hii mwisho tutauacha bila maneno. Alikuwa anafagia maganda ya njugu. Hakuacha kufagia.

"Watu wanakuja kwa sababu ya huo mstari. Usipousema Jumamosi, Jumapili nina deejay mwingine. Wako wengi, na hawana digrii ya kuwasumbua."

Siku tatu zilizofuata nilijitafutia kila mlango wa kutorokea. Ningesema koo linauma. Ningekata waya wa maikrofoni nidai ni panya. Niliwaza hata kumwambia fundi saa isiyo ya kweli, afike sinema ikiwa imeisha, na nikakaa na wazo hilo muda mrefu kuliko ninavyopenda kukiri. Wazazi wangu, waliokwisha kurudi kijijini, wanadhani ninafanya kazi redioni. Nilifikiria nitakavyowaeleza kwamba nimefukuzwa kutoka kazi ambayo hawajui ninayo. Mwishowe niliona kwamba kunyamaza ni jambo dogo, ni dakika saba, na asiyeweza kunyamaza dakika saba ana tatizo kubwa kuliko kazi. Nikaamua nitanyamaza.

Jumamosi watu walisimama mpaka mlangoni. Fundi aliingia akiwa amevaa koti, akaketi benchi ya mbele kabisa, peke yake, kisogo chake kikiwa mbele ya watu wote.

"Kauboi amekuja kujitazama!"

"Mpisheni, mwenye sinema huyo!"

Niliisimulia sinema kama kawaida. Nilimchoma landilodi, nikamchoma mchezaji mmoja wa timu ya mtaa, watu wakafurahi. Mke wa kauboi akafariki. Maadui wakaachwa waende. Mzee akaketi kwenye ngazi. Nikauchomoa waya wa maikrofoni, nikauweka mezani.

Kwa nusu dakika hivi upepo wa sinema ulisikika ukumbini, na nikadhani nimeweza.

Kisha sauti moja kutoka katikati ikaanza: "Mimi ndiye fundi wa benchi ya nyuma..." Ilikuwa inaniiga, pamoja na ule uzee niliokuwa nimejitilia kooni. Wengine wakaingia. Waliujua wote, neno kwa neno, kutoka kwenye simu zao. Walipofika kwenye pumziko langu walipumzika, ukumbi mzima, kama watu wa kanisa wanaosubiri kuitikia, kisha wakamalizia kwa pamoja: "Nimempa akiwa mochari!" Wakacheka, wakaanza tena. Mara ya pili walikuwa wanapiga benchi. Mara ya tatu ganda la njugu likampata fundi shingoni, halafu mengine mengi. Hakugeuka. Alikuwa anaangalia skrini.

"Deejay!" Mama aliita kutoka mlangoni. "Washa hiyo kitu! Watu wanakufanyia kazi yako!"

Nikaelewa kwamba kimya changu hakikuwa kitu. Maneno hayakunihitaji tena. Nilikuwa nimekaa salama kando, mikono safi, nikimtazama akipigwa na mstari nilioutunga mimi.

Sikuyapima mambo safari hii. Nilitoka nyuma ya meza, nikakatiza mwanga, kivuli changu kikapita juu ya nyumba ya kauboi, watu wakazomea. Nikaketi kwenye benchi ya mbele, ubavuni mwa fundi. Maganda yakaanza kunipata na mimi. Kitu kizito zaidi, nadhani ni gunzi la mahindi, kikanigonga kichwani.

"Wamekuwa wawili! Mtu na msomi wake!"

"Deejay amehamia ukweni!"

Fundi hakunitazama. "Sogea," akasema. "Unaniziba."

Nikashuka kutoka kwenye benchi nikaketi chini, kwenye udongo, karibu na viatu vyake.

Mama alikuja mpaka pale, akainama. "Inuka urudi mezani. Usipoinuka sasa hivi umejifuta kazi mwenyewe, usiseme nimekuonea."

"Ngoja iishe, Mama."

"Basi umemaliza na mimi."

Kwenye skrini mzee aliweka bunduki kando ya ngazi. Alitazama paa. Picha ikaanza kufifia.

"Hakumaliza," fundi alisema, si kwangu. "Na mbao anazo pale."

Majina ya waigizaji yalianza kupanda, na watu wakaanza kutoka wakisukumana, wengine wakitupigia mbinja. Tulikaa mpaka jina la mwisho likapita. Fundi akapangusa maganda kwenye koti lake, akaondoka bila kuniaga. Nilichukua begi langu chini ya meza, nikamkabidhi Mama ufunguo wa kabati la mashine, na Jumapili sikwenda.