Firigisi ya Shemasi

Jumapili nilitoka Kitale nikaenda kula kwa dada yangu, Bungoma. Alikuwa amealika wazee wawili walioigiza mchezo kanisani kwao. Mmoja aliigiza shemasi mwizi wa firigisi, mwingine malaika wa mabawa ya karatasi.

Dada akaweka kuku mezani, firigisi juu kabisa, heshima ya wageni. Kisha akamkodolea shemasi macho.

"Mama, mbona unanisimamia?"

"Nachunga firigisi."

"Ile ilikuwa mchezo, bana! Mimi sijawahi iba hata yai!"

"Mchezo tuliona, mzee. Lakini vile uliificha kwa koti na supu haikudondoka, hiyo ulifunzwa na nani?"

Tulicheka hadi machozi. Shemasi akasimama, akapindua mifuko yake yote, nasi tukimtazama. Tulipogeukia sahani, firigisi haikuwapo.

"Si nilisema!" dada akapiga makofi.

Mimi nilimtazama malaika. Alikuwa amefumba macho kama anayeomba, na shavu lake moja limevimba.

Wakigawa nafasi za mchezo kwenu, msomaji, ng'ang'ania mabawa.