Mtani wa Mjomba

Mjomba wangu alifia siti ya nyuma ya Coaster, njia ya Kisaki, watu wakicheka. Nalisema hili mapema ili asije mtu akadhani nasimulia safari ya kupendeza.

Masika yalikuwa ndiyo kwanza yamekwisha, na kikundi cha wastaafu wa mtaani kwetu, Morogoro Mjini, kikaamua kuzungukia sehemu za kihistoria: boma la Wajerumani, kanisa la kale la Matombo, kisha Kisaki kwenye mahandaki ya vita. Mimi sijastaafu. Nilimfuata mjomba, maana kwetu Waluguru mjomba ndiye mwenye ukoo, na huyu alikuwa amenilea. Presha ilimsumbua wiki nzima, ila habari ya kubaki nyumbani hakutaka hata kuisikia.

Kisa ni mtani wake, mzee wa Kinyamwezi aliyestaafu reli, jirani yetu tangu sijazaliwa. Mnyamwezi na Mluguru ni watani, na hawa wawili walitaniana kwa bidii kama wanalipwa. Katika utani huruhusiwi kukasirika, na kuonekana umeishiwa maneno ni aibu kubwa.

Bomani tulionyeshwa chumba cha mahabusu. "Humu walifungwa babu zako kwa kuiba ndizi," mtani akasema.

"Na babu zako walikuwa nje, wamejitwisha mizigo ya Mjerumani," mjomba akamjibu. Wazee walicheka mpaka kiongozi wa msafara akashindwa kuendelea.

Matombo ndiko nilikoanza kuogopa. Wenzake walipoingia kanisani kutazama, mjomba alikaa kwenye ngazi za mawe, shati limelowa jasho, na huku milimani kulikuwa na baridi. Nikamwambia turudi mjini. Kabla hajanijibu, mtani akatokea mlangoni.

"Anatafuta pa kuzikwa! Mzee, hapa pa Wakatoliki, Mwislamu hawakupokei."

Mjomba akainuka, akashika ukuta. "Nikifa, wewe ndiye utakayeosha masufuria ya msiba." Kisha akaniambia kwa sauti ya chini, "Twende, mjomba. Huyu asinione hivi."

Nilikaa mbele karibu na dereva, maana ndiko kulikobaki nafasi. Tulipoanza kuteremka kuelekea Mvuha, barabara ilikuwa tope tupu na gari likiyumba. Nikasikia sauti ya mjomba kutoka nyuma.

"Kifua kinabana. Leo sitanii, ndugu yangu."

Gari zima likaangua kicheko. Mtani akaanza kulia kilio cha msibani, akiuliza nani atarithi baiskeli ya marehemu, na akina mama wakamwitikia. Nikamwambia dereva asimame. Akatazama kioo, akaona watu wanapigana vikumbo kwa kucheka, akasema, "Wazee wanataniana hao, bro," akakanyaga mafuta. Nikapiga kelele. Aliposimama, mjomba alikuwa ameegemea bega la mtani wake, na mtani bado anamwimbia kilio kile. Zahanati ya kwanza tuliyoipata walituambia amekwisha kata roho.

Nilimchukia yule mzee. Nilimchukia kwa moyo wote, na usiniambie habari za mila.

Tulizika kesho yake. Mila inataka mtani aingie kaburini kabla ya maiti, alale, agome kutoka mpaka apewe chochote. Nilitamani asije. Akaja, amevaa kanzu iliyombana, akashuka bila kumtazama mtu, akajilaza ubavu pale chini. Watu wakaanza kutabasamu. Wakatupa sarafu. Hakuziokota.

"Ongezeni, Mnyamwezi hatosheki!" mmoja akasema.

"Aliniambia," mzee akasema kutoka chini. "Aliniambia hatanii."

Wakacheka. Wengine walijifuta machozi ya kicheko, wakasema mtani wa kweli ndiye huyu, hata msiba haumshindi. Nilisogea ukingoni. Alikuwa amekumbatia magoti, udongo umemwingia kinywani, na mabega yanamtetemeka.

"Jamani, nitoeni. Sitanii."

Kicheko kikazidi. Nilitazama sura zile moja moja, nikingoja angalau mtu mmoja anyamaze. Kisha nikavua viatu, nikashuka kumtoa.