Nywele za Kabula

Kuna Ijumaa moja haijawahi kunitoka kichwani, mwanangu Pili, na tangu ulipokuja jana mlangoni kwangu na daftari lako la kamati, inataka kusemwa. Ulinisalimia vizuri, shikamoo yako imenyooka, nikaitikia marahaba. Ukaniambia Jumamosi chuo kitakumbuka siku ambayo shule za nchi hii ziliacha kutenganisha watoto, Mzungu kwake, Mhindi kwake, Mwafrika kwake, na kwamba mtasherehekea pia watu wa kila namna tulio nao hapa chuoni. Ukasema, "Mama, tupe neno la kutia moyo. Dakika kumi tu." Dakika kumi! Mimi kusalimia tu dakika kumi hazinitoshi. Ndiyo maana nimeandika, na wewe usome ukiwa umekaa chini.

Ulipogeuka kuondoka niliona bango ulilobeba. Picha ya Shija, yule kijana wenu wa mwaka wa kwanza mwenye ualbino, anacheka. Chini ya picha mmeandika jina lake lote, kozi anayosoma, hosteli anayolala, na kwamba ndiye atakayetangulia mbele ya maandamano mpaka stendi. Nilishika mlango nisianguke. Ukadhani ni huu mguu wangu mbovu, ukaniambia pole mama. Haukuwa mguu.

Wakati wewe bado unabebwa mgongoni, mimi nilikuwa mwalimu kijana katika shule moja ya msingi, ukishapita Tinde kuelekea Kahama. Ilikuwa miaka ya hofu huku kwetu. Waganga waongo walikuwa wamewajaza watu ujinga kwamba kiungo cha mtu mwenye ualbino, hata nywele zake tu, kinavuta dhahabu shimoni. Uongo mtupu, mwanangu, lakini watu waliuawa kwa uongo huo, na wengi walikuwa watoto. Basi watoto wakakusanywa wakawekwa mahali pa kulindwa. Shuleni kwetu walijengewa bweni lenye ukuta mrefu, geti moja, mlinzi mmoja. Walikula humo, wakalala humo, wakasoma humo, wa darasa la kwanza na wa darasa la sita chumba kimoja. Sisi wa nje tulisikia sauti zao tu wakiimba.

Halafu likaja agizo kwamba watoto wale waanze kusoma na wenzao. Asubuhi moja geti likafunguliwa wakatoka na kofia zao kubwa, wameshikana mikono. Darasani kwangu, la nne, akaja Kabula. Alikuwa na miaka kumi, kwao Mhunze, kalelewa na bibi yake. Macho yake hayakuona mbali, akiandika pua inagusa daftari, lakini hesabu, we! Nilikuwa namaliza kuandika swali ubaoni, Doto ambaye nilimketisha naye anamsomea kwa kunong'ona, na jibu liko tayari. Ndani ya mwezi mmoja Doto na Kabula walikuwa hawaachani. Nilijivuna kama vile urafiki ule nimeupika mimi.

Sasa unajua shule zetu, mtoto hafugi nywele. Jumatatu mwalimu wa zamu anakagua vichwa na kucha, kwa hiyo Ijumaa baada ya vipindi watoto hutoa nyembe wakakaa mstari nyuma ya madarasa, wakanyoana. Ni kama sherehe, kelele na kuchekana vichwa. Lakini wale wa bwenini hawakuwemo. Wao walinyolewa ndani ya ukuta na matroni wao, Mama Masanja, mmoja mmoja, juu ya kitambaa. Akimaliza alikung'uta nywele kwenye kopo, akalipeleka mwenyewe jikoni, akazimwaga motoni na kusimama pale mpaka ziishe.

Mimi niliona ule ni ubaguzi. Nilimfuata nikamwambia, "Mama Masanja, hawa watoto siyo takataka. Kwa nini wanyolewe kwa kujificha?"

Akanitazama tu, kopo mkononi. "Mwalimu, wewe ndiye uliyesoma," akasema. "Mimi nachoma."

Nilimdharau. Nakwambia ukweli wangu wote, nilimdharau yule mama.

Ijumaa ninayokuambia, Mama Masanja alikuwa amekwenda mjini Shinyanga hospitali. Nikaona ndiyo nafasi yangu. Nilimshika Kabula mkono nikampeleka nyuma ya madarasa, kwenye mstari wa wasichana. Akasita. Akaniuliza, "Mwalimu, nywele zangu atachoma nani?" Nikamjibu, "Leo utakuwa kama wenzako."

Akakaa. Doto akashika wembe, na kwa mdomo wake ule akasema, "Kabula, kichwa chako kina kona!" Wote wakacheka, na Kabula alicheka kuliko wote, mabega yanatikisika mpaka Doto akamwambia tulia nitakukata. Nilisimama nikaangalia nywele zile nyeupe za manjano zikianguka chini pamoja na nyeusi za wenzake, machozi yakanilenga kwa furaha. Niliona kazi yangu imekamilika.

Nikaitwa ofisini kusaini karatasi. Sikukawia, hata kikombe cha chai usingemaliza. Niliporudi watoto walikuwa wamekimbilia bombani kuosha vichwa na nyembe zao, uwanja mtupu. Nywele nyeusi zilikuwa zimetapakaa kila mahali, upepo unazisukuma. Lakini pale alipokuwa amekaa Kabula palikuwa pamefagiwa. Mahali pa ukubwa wa sinia, pasafi, na alama za ufagio zinaonekana kwenye vumbi. Hapakuwa na hata unywele wake mmoja.

Nilimwita Doto. "Nani kafagia hapa?"

"Hatujafagia mwalimu. Zamu ni ya darasa la tano, bado hawajatoka."

Upande ule shule haikuwa na uzio. Watu wa kijijini walikata hapo njia ya kwenda barabarani, mchana kutwa, wenye baiskeli, wenye ndoo, na wageni wanaosubiri gari la kwenda machimboni. Nilitazama njia yote. Alikuwepo mama mmoja na kuni zake kichwani, mbali. 

Sasa njoo kwenye dhambi yangu, maana hiyo bado sijaisema. Nilichukua ufagio nikafagia uwanja wote. Nywele zote nyeusi nilizifagia, ili mtu akipita asione pale palipo pasafi na kuuliza. Nikamrudisha Kabula bwenini, nikaaga, nikaenda zangu nyumbani. Sikumwambia mwalimu mkuu, mlinzi wala mtu yeyote.

Jumamosi nilikwenda shuleni bila sababu. Nilikaa kwenye kibaraza cha ofisi nikitazama geti la bweni. Kila pikipiki iliyopunguza mwendo moyo ulinipanda. Mtu mmoja alisimama kufunga kamba za viatu, nami nikamsogelea, nikamsalimia, nikatafuta uso wake una nini, maskini, labda alikuwa mpita njia tu. Jumapili kanisani sikusikia neno hata moja. Mtu aliyekaa mbele yangu nilijiuliza kama ndiye. Jirani yangu aliponipa mkono wa amani nilijiuliza kama ndiye. Hofu ya namna ile, mwanangu, inakugeuza mtu wa ajabu, unawaogopa hata waliokulea. Na bado nilinyamaza, kwa kuwa nilijua nikisema, kazi imekwisha.

Jumapili hiyo mchana nilirudi kukaa pale kibarazani, Kabula akanifuata, kofia ameishika kwa mikono miwili. "Mwalimu, kuna mtu alisimama getini, kaniita kwa jina langu. Simjui."

Nilikimbia. Nilikwenda kwa mwalimu mkuu nikamweleza yote mlangoni kwake, nimesimama, hata kukaa sikuweza. Yule mzee hakunigombeza. Alivaa viatu vyake bila soksi tukaenda naye bwenini, akahesabu watoto mara tatu. Polisi wakaitwa, walinzi wakaongezwa, geti likafungwa. Jumatatu hakuna mtoto wa bwenini aliyetoka kwenda darasani. Wala Jumanne.

Bibi yake Kabula alifika Jumatano kutoka Mhunze. Mfupi, mkavu, khanga ameifunga kiunoni kama mtu wa shambani. Nilipiga goti mbele yake kama tunavyofundishwa sisi Wasukuma. "Shikamoo bibi." Hakuitikia. Nikabaki nimepiga goti, maana shikamoo isiyoitikiwa unainukaje?

"Mwalimu," akasema, "nasikia ulitaka mjukuu wangu awe kama wenzake. Umetaka jambo jema. Mimi nalitaka tangu siku aliyozaliwa. Lakini ulipomtoa kule ndani, ulimuuliza anaogopa nini?"

"Aliniuliza nani atachoma nywele zake, bibi."

"Ukamjibu nini?"

"Kwamba leo atakuwa kama wenzake."

"Na zilipopotea, siku mbili ulikuwa unaogopa nini? Ulikuwa unaogopea kazi. Mtoto yuko uwanjani anatembea, hajui kitu, na wewe unaogopea kazi. Mama Masanja hakusoma, lakini kila wiki alisimama kwenye moto mpaka mwisho. Wewe ulimpa mjukuu wangu mchana mmoja wa kucheka, ukaenda kusaini karatasi."

Kabula akatoka na kifurushi chake. Alikuwa amevaa kofia mpaka machoni. Hakulia. Aliniambia, "Mwalimu, daftari langu la hesabu liko kwa Doto, mwambie alimalizie." Wakaondoka kuelekea barabarani. Bibi alipofika mbali kidogo aligeuka, akaniona bado niko chini, akasema, "Marahaba." Ndipo nikainuka.

Nywele zile hazikupatikana, na aliyefagia hajulikani mpaka leo. Labda alikuwa mtu mbaya, labda mtu mwema aliyeogopa kama Mama Masanja akazichoma kimya kimya. Nimekaa na hilo swali miaka yote hii. Mwaka juzi nilikutana sokoni na mama mmoja wa Mhunze, nikathubutu kuuliza. Akasema Kabula yu hai, ana watoto wawili. Moyo wangu ukaruka. Nikauliza, alisoma mpaka wapi? Akasema hakusoma tena, aliishia pale pale la nne. Ananyoa mwenyewe, anachoma mwenyewe. Nikauliza anaishi wapi nimpelekee hata salamu. Yule mama akaanza kufunga nyanya zake. "Hilo ametukataza kusema," akajibu.

Mtoto aliyejua hesabu kuliko mimi, mwanangu. Watu wale wabaya hawakumgusa. Shuleni nilimwondoa mimi.

Kwa hiyo usia wangu ni huu, uuandike kwenye daftari lako. Kumtoa mtu nyuma ya ukuta ni kazi ya asubuhi moja, hata kwa agizo inafanyika. Kinachobaki ni nani anakaa naye mchana, anatembea naye kurudi, na anakubali kuogopa pamoja naye. Usimfanyie mtu sherehe kabla hujamuuliza anaogopa nini, na akikuambia, usimjibu kwa maneno matamu kama mimi. Ukikosea, sema saa hiyo hiyo, hata kama ni aibu, hata kama ni kupoteza cheo, maana kila saa unayoficha wewe anailipia mwingine. Msijidanganye kwamba ile miaka imekwisha. Uongo ule bado una wateja wake, na huko stendi mnakotaka kumtanguliza Shija wanapita watu wa kila aina.

Na hawa tunaowakumbuka Jumamosi, wale watoto wa zamani walioingia kwenye shule zilizokuwa zikiwakataa, waulizeni wazee waliobaki. Msiulize siku ya kwanza tu, ile ya kupigwa picha. Ulizeni siku ya pili walirudi nyumbani na nani.

Mabango yako ya getini na ya kijiwe cha bodaboda hutayaona. Nimeyabandua mimi asubuhi hii, na mguu wangu huu. Yako mezani kwangu, nimeyakunja vizuri, hata picha haijachanika. Nenda kwa Shija kwanza, kaa naye, muulize. Akisema hapana, iwe hapana, na msimnunie. Akisema ndiyo, njooni wote wawili, tufute jina la hosteli, nitapika gundi ya unga na kuyabandika mwenyewe. Na Jumamosi nitatembea ubavuni kwake mpaka stendi, nitarudi naye mpaka mlangoni kwake, nisimame pale mpaka nisikie komeo limefungwa.

Mungu akupe macho ya kuona hofu ya mwenzako kabla hajaisema, mwanangu Pili. Akupe miguu ya kumsindikiza. Na yeyote utakayemtoa nje, akujalie umrudishe salama kwao.