Gari Lililochaguliwa kwa Mlolongo

Mtoto wangu wa kwanza alifia njiani nikipelekwa kujifungua, kati ya Yamumbi na mjini Eldoret, juu ya trela ya trekta iliyokuwa ikipeleka maziwa. Mvua ilikuwa haijakatika kwa siku nyingi na hakuna kitu kingine chenye magurudumu kilichokubali kutoka. Nalisema hili mapema ili msomaji asidhani kwamba nilipoanza kujifanya mtaalamu wa magari nilikuwa natafuta sifa. Nilipopata mimba ya pili nilitaka gari moja tu, lile litakalofika hospitalini.

Majirani nao walilitaka. Wengi wetu tulikuwa wageni pale, wengine kutoka Mkoa wa Kati, wengine, kama mimi na mume wangu, kutoka Mkoa wa Magharibi, na hakuna aliyekuwa na ndugu wa karibu wa kukimbiliwa. Tukaunda kikundi cha kununua gari la wagonjwa. Tuliomba kibali cha kukutana, tukapewa, tukamchagua mwenyekiti. Alikuwa mwenye duka kubwa pale senta, na pia mwenye nyumba tuliyopanga. Alikuwa mcheshi na mkarimu, na hajawahi kushindwa uchaguzi, kwa kuwa hakuna aliyewahi kushindana naye.

Magari yaliyopatikana yalikuwa mawili. La kwanza lilikuwa kubwa, refu kwa nyuma, rangi ya maziwa, mali ya shemeji yake mwenyekiti. Shemeji alisema analiuza kwa sababu anatupenda. La pili lilikuwa kigari chekundu cha milango miwili, cha mwalimu mmoja aliyekuwa amepewa uhamisho. Kamati ya kuyakagua ilikuwa ya watu watatu: mwenyekiti, mzee mmoja aliyestaafu udereva wa lori, na mimi. Niliingizwa kwa sababu, alivyosema mwenyekiti, mwenye tumbo ndiye abiria.

Mzee dereva ndiye aliyeleta njia ya kupima. Petroli ingenunuliwa kwa michango, na michango yetu tuliijua. Siku ya kwanza kila mtu anatoa huku anaangaliwa, baadaye kila mtu anasema kesho. Kwa hiyo kila gari litiwe jerikeni moja ndogo ya petroli, lielekezwe kwenye vilima vya Ainabkoi, liende mpaka lizime lenyewe.

"Mimi siangalii rangi," mzee alituambia. "Mimi naangalia hii kitu itatembea aje na mafuta kidogo. Basi."

Tulianza na kigari. Ndani yake magoti yangu yalikutana na tumbo, na kelele ilikuwa ya mashine ya kusaga posho. Mwenyekiti, mtu mwenye mwili, alikaa nyuma amejikunja, akihema kwa hasira kila tulipopita shimo. Lakini kilipanda. Kilifika Ainabkoi, tukanywa chai, kikageuka, na kilipozima tulikuwa tunaanza kuona mabati ya mjini.

Kesho yake tukapanda lile kubwa. Siwezi kusema uongo, kiti cha nyuma kilikuwa kitanda. Mwenyekiti aliteremsha kioo akawa anawapungia watu mkono, hata wasiomjua. Hatukuwa tumemaliza hata kilima cha kwanza cha maana gari lilipokohoa, likasogea kando ya wauza viazi, likanyamaza. Mzee dereva alichomoa ufunguo. Mwenyekiti alishuka, akafunga vifungo vya koti, akalizunguka.

"Lakini si mmeona vile imesimama?" akasema. "Imesimama na adabu. Ile ingine ilikuwa inatetemeka kama kuku imenyeshewa."

Katika ripoti yake kwa wanakikundi, aliyoitoa kwa mdomo, gari kubwa lilikuwa limekwenda kwa heshima. Kigari, alisema, kilikuwa kimekwenda sana. Alilitamka hilo neno la mwisho kama mtu anayemsema msichana anayetembeatembea usiku.

Ikaja siku ya kuchagua. Ulikuwa ule wakati wa kupiga kura kwa mlolongo. Karatasi za siri zilikuwa zimewekwa kando, na ukimtaka mgombea unasimama nyuma yake, mchana kweupe, unahesabiwa kama ng'ombe wanaongoja kuogeshwa dawa kwenye dipu. Tulikuwa tumeizoea njia hiyo mpaka hatukuona ajabu kuitumia kwa magari. Yakaegeshwa uwanjani, moja huku, jingine kule. Mwenyekiti alisimama katikati akasema kila mtu ana uhuru wake kamili, kisha akaenda kuegemea lile kubwa.

Nilikwenda nyuma ya kigari. Mzee dereva siku hiyo alikuwa ameamka jino likimuuma, hakuja. Nilitazama watu wakipita mbele yangu, akina mama niliokuwa nachota maji nao, ambao kisimani walikuwa wameniambia wazi kwamba lile kubwa litatumaliza. Walipita wakinisalimia vizuri sana, wakajipanga kule. Mwisho akaja mume wangu. Alikuwa karani katika ghala la mahindi, mtu mpole, asiyependa kelele. Alinitazama, akatazama mbingu kana kwamba ameitwa huko, akaenda kusimama katika ule mlolongo mrefu. Nilikasirika mpaka mtoto akageuka tumboni.

Mwenyekiti aliuhesabu mlolongo wake taratibu, akifurahia kila kichwa. Kisha akanijia mimi.

"Mama mmoja," akatangaza.

"Hesabu wawili," nikamwambia.

"Huyo hajapata kitambulisho, Mama," alijibu, na uwanja mzima ukacheka. Hata mimi nilicheka, ila nilipofika nyumbani sikumpikia mtu.

Usiku mume wangu aliniambia, "Unajua hii nyumba ni ya nani."

Nilimwambia najua, na tumbo hili je, ni la nani? Tulilala kila mtu akitazama ukuta wake.

Gari likanunuliwa. Likafanyiwa maombi, likaandikwa mlangoni jina la kikundi, likaegeshwa kando ya duka. Kila Jumapili baada ya ibada liliwashwa ili wanachama wasikie injini yao, na kila lilipowashwa lilikunywa. Mara moja lilitoka kwa kazi rasmi, kumpeleka mwenyekiti kumpokea mgeni mheshimiwa mjini. Lilirudi na vumbi la fahari na tangi tupu.

Uchungu ulinishika mchana, mvua ikinyesha. Mume wangu alikimbia dukani. Mzee dereva alikuja na gari hadi mlangoni kwetu, nikalazwa kile kiti cha nyuma, tukaondoka vizuri kabisa. Lilizima kabla nyumba yetu haijapotea machoni.

Nililia. Sikulia kwa uchungu wa tumbo, nililia kwa sababu niliijua hiyo njia na nilijua mahali pale trekta lilipokuwa limesimama. Ndipo nikasikia sauti za watu, na gari likaanza kusogea. Walikuwa wametoka wote. Akina mama wa kisimani, vijana wa senta, mwenyekiti mwenyewe amevua koti, matope hadi mapajani, anapiga kelele za "harambee". Siku hizi wanauza magari ya nguvu mbili, petroli na umeme. Letu lilikuwa la petroli na majirani. Kwenye kioo cha nyuma niliuona uso wa mume wangu, umebanwa pale, mvua inamtiririka, macho hayabanduki kwangu. Walisukuma hadi kwenye lami. Pale lori la mahindi lilitufunga kamba, likatuvuta hadi hospitalini, na binti yangu akazaliwa akilia kwa sauti kubwa.

Katika mkutano uliofuata nilikwenda naye mgongoni. Mwenyekiti alisimama kutoa ripoti.

"Gari yetu imefikisha mama hospitali salama," alisema, "na haikutumia hata tone moja ya petroli! Nani ako na gari kama hiyo hapa Eldoret?"

Walipiga makofi. Nadhani wengine waliamini. Kisha akaniita nitoe shukrani.

Nilisimama nikasema kwamba nawashukuru waliosukuma, yeye akiwa mmoja wao, na kwamba nitawaombea maisha yangu yote. "Lakini hilo gari, Mwenyekiti," nikasema, "mimi silishukuru. Liuzwe, kabla halijaua mtoto wa mtu."

Mwenyekiti alibaki na tabasamu lake usoni, hajui aliweke wapi. Kisha kutoka nyuma nikasikia mtu mmoja anapiga makofi. Alikuwa mume wangu. Alikuwa amesimama, anapiga peke yake, polepole, na hakuacha hata mwenyekiti alipogeuka kumtazama.

Mwisho wa mwezi tulifunga vyombo tukaihama nyumba ya mwenyekiti.