Mlinzi wa Vikwembe

Shule yetu ya wasichana ilijengwa kwenye mteremko, kama nusu ya Bukavu, na mpira ukikuponyoka uani unakwenda kuutafuta karibu na ziwa. Kwa hiyo saa ya jimu, yaani ya michezo, tulishuka hadi uwanja wa parokia, upande wa Nyalukemba, tukiwa tumejifunga vikwembe, vitenge vya kiunoni, juu ya kaptula ili vijana wa pikipiki wasipate cha kusema. Walisema hata hivyo.

Uwanjani tulivivua vile vikwembe, tukavirundika chini ya ukuta, na mmoja wetu akabaki kuvilinda. Mlinzi hakuchaguliwa na mwalimu. Alikuwa yule aliye katika siku zake. Hakuna aliyetangaza, ukikaa tu juu ya lile rundo darasa zima limeelewa, na mwalimu wetu, baba mzima mwenye filimbi shingoni, anageuka kutazama ziwa.

Mimi sikuwahi kulinda. Wenzangu wote walishakaa pale, hata wale wembamba kuliko mimi. Rafiki yangu wa dawati hakuniacha: "Na weye? Siku yako haiyafika tu?" Nilicheka kwa meno, nikazidisha mbio, maana nilipokimbia hakuna aliyeniuliza kitu. Nyumbani niliingia chooni kila mara kujitazama, nikitoka na hasira.

Ikafika siku ambayo mwalimu angechagua wasichana wawili wa kutuwakilisha kwenye mashindano ya mbio za shule. Wawili tu. Niliingoja siku hiyo tangu mwaka uanze. Na asubuhi hiyohiyo, nikivaa, damu ikaja.

Mama alifurahi, akapiga vigelegele kwa sauti ya chini ili baba asisikie. Akanionyesha namna ya kuweka pedi, kisha uso ukambadilika.

"Leo usikimbie. Damu itapanda, utakosa kuzaa. Unasikia, mutoto yangu?"

Basi nikakaa juu ya vikwembe. Heshima niliyoitamani muda wote huo nilikuwa nimeikalia, na sikuitaka hata kidogo. Niling'oa majani. Nilikunja kikwembe cha mtu, nikakikunjua, nikakikunja tena. Walipopanga mstari nikamwona rafiki yangu wa dawati, ambaye hukimbia huku akishika mbavu kwa kicheko, amesimama mahali pangu. Niliwachukia wote, nikamchukia na mwalimu na ziwa lake.

Nikasimama.

"Mwalimu, na mimi nakimbia."

Aliangalia rundo, halafu viatu vyake. "Weye si uko unalinda?"

"Hakuna mwizi hapa, Mwalimu."

Wasichana waliguna. Yeye alikohoa, akaweka filimbi mdomoni, na mimi nikachukua hilo kuwa ruhusa.

Nilikimbia na woga wangu wote. Kila hatua nilingoja kitu kipasuke ndani, kama mama alivyosema. Hakikupasuka kitu. Alinipita mmoja tu, msichana mrefu aliyetoka Walungu, mwenye miguu isiyojua kuchoka, na mwisho wa uwanja nikainama nikitema mate na kucheka kama mwendawazimu. Mwalimu aliandika majina yetu wawili bila kunitazama usoni.

Nilipofika nyumbani habari zilikuwa zimenitangulia. Mama alinivuta jikoni, akaniwekea mkono juu ya tumbo, akauacha pale muda mrefu. Nilijitayarisha kwa kofi. Lakini vidole vyake vilibonyeza polepole, huku na huku, kama anayetafuta kitu kilichovunjika, na hapo nikajua kwamba yeye aliogopa kuliko mimi.

"Inauma?"

"Hapana, maman."

"Ulifika wa ngapi?"

"Wa pili."

Akarudi kwenye sufuria, akasonga bugali kwa nguvu, amenipa mgongo.

"Na ule wa kwanza, naye alikuwa mu siku zake?"

"Hapana, maman."

"Basi siku ingine utamupita."