Darasa la Ndoa, na Sisi Tuna Wajukuu

Mume wangu alipopendekezwa kuwa mzee wa kanisa, ilibainika kwamba ndoa yetu haijabarikiwa. Tulioana kimila huko kijijini kwetu Wema, tukazaa, tukalea, tukapata wajukuu, na hakuna aliyewahi kutuuliza. Sasa tukaambiwa tupite kwanza kwenye darasa la ndoa, mjini Garsen, kila Jumamosi. Tukawa tunakaa kwenye viti vya plastiki pamoja na wachumba wa rika la watoto wetu. Binti mmoja aliniamkia kwa heshima, kisha akaniuliza ni nani niliyemsindikiza.

Aliyetufundisha alikuwa mke wa mchungaji, mama mpole, mdogo kwangu kwa umri. Alitueleza namna ya kuishi na mawifi. Mimi mawifi nimeishi nao mpaka wengine nimewazika.

Aliyenichosha hasa ni mume wangu. Nyumbani huyu ni mtu wa kuguna. Ukimuuliza mpunga umeshikaje, anautazama tu, nawe ujijibu. Kumbe darasani ana maneno. Mkono wake ndio ulikuwa wa kwanza kuinuka, na vijana walimpenda. Mwalimu akawa anasema, tumsikilize baba.

Siku ya somo la mawasiliano, mwalimu aliuliza jinsi wanandoa wanavyofanya maamuzi. Mume wangu akasimama, akakohoa kidogo.

"Mimi na mama watoto hatufichani kitu," alisema. "Kwa mfano, mafuriko yametuchosha. Tumekaa, tumezungumza, tumeamua kuhamia Minjila. Ndugu yangu ametupa kiwanja, na miti ya kujengea nimeshaagiza."

Wakampigia makofi. Mimi mikono ilibaki mapajani.

"Baba watoto," nikamwambia, "tumezungumza lini?"

Alinigeukia, na usoni hakuwa na hila hata kidogo. "Si nilikwambia?"

Hapo ndipo nilipochoka kabisa. Angekuwa amenificha, ningejua la kufanya. Lakini alikuwa na hakika amenieleza. Jambo alilifikiria shambani, akalizungumza na ndugu yake, akalipeleka kwa kinyozi, na likishazunguka hivyo, kwake yeye mimi pia nimelisikia. Mwalimu alisema tuendelee na somo, mambo mengine tukayamalize nyumbani.

Nyumbani hatukuyamaliza. Nilimwambia sihami kabla sijapaona. Kesho yake, ibada ilipokwisha, nikaenda Minjila na bodaboda, na mke wa ndugu yake akanionyesha kiwanja. Kilikuwa kimeinuka, maji hayakifikii, hilo nilikubali. Lakini kilikuwa katikati ya njia ambayo ng'ombe wa wafugaji wa Kiorma hupita kwenda kunywa mtoni. Kwato zilikuwa zimechimba ardhi pale pale walipochora jiko langu.

Nikarudi nikamweleza. Akasema kweli, ng'ombe aliwaona, ila hakudhani ni jambo la kutaja. Basi nikakaa mwenyewe na ndugu yake, akatupa upande wa pili, karibu na bomba la maji. Tukajenga huko. Mvua kubwa iliyofuata ilitukuta tuko pakavu, na mume wangu akawaeleza wageni jinsi tulivyopachagua pamoja.

Ndoa ilibarikiwa, uzee wa kanisa akaupata. Juzi hapa, ibada ikiendelea, nikasikia ikitangazwa kwamba sisi wawili tutazungumza na wachumba wapya kuhusu mawasiliano katika ndoa. Nikamtazama. Alikuwa akitafuta ukurasa wa wimbo.

Nilienda, ningefanyaje. Nikawaambia wale vijana, kabla hamjanunua shela wala suti, ulizaneni nyumba itajengwa wapi, kisha mwende mkapaone wote wawili, mchana kweupe. Wakacheka kidogo, wakaniheshimu. Mume wangu, aliyeketi kando yangu, aliitikia kwa kichwa kila nilipotua, akawahimiza wayashike maneno ya mama. Sijui aliyasikia kama yanamhusu nani.