Picha ya Kisiki cha Chuma

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo kila nikiikumbuka moyo unaniuma. Nilikuwa binti wa kuuza ndizi mbivu pale stesheni yetu ndogo, ng'ambo ya Nanyala. Baba yangu alikuwa mtunza ishara za reli. Ishara yenyewe ilikuwa mlingoti mrefu wenye mkono wa chuma mwekundu juu. Mkono ukinyooka, treni isubiri, ukiinama, iingie. Sisi wauzaji hatukuwa na saa. Tulikuwa tunautazama ule mkono tu, ukiinama tunajitwisha vikapu na kukimbia. Hata mama zetu nyumbani walibandika ugali kwa kuutazama.

Siku hiyo alikuja mpiga picha kutoka Tunduma. Wasichana tulijipaka mafuta tukang'aa, tukataka tupigwe picha treni ikiwa nyuma yetu. Baba alikuwa amesimama chini ya mlingoti wake, kopo la grisi mkononi, kofia ameiweka sawasawa, kama mtu anayesubiri kuitwa. Mpiga picha akamwambia, "Mzee, sogea kidogo, unaniharibia picha." Baba akasogea. Mimi nikacheka na wenzangu. Akili zangu zilikuwa za kuku.

Picha ilipoletwa, kumbe wakati inapigwa treni ilikuwa imeshaanza kuondoka. Nyuma yetu ulionekana weusi uliovurugika tu. Baba aliishika, akaitazama kitambo, akasema, "Binti yangu, usiache mbachao kwa msala upitao. Treni ni ya Dar na ya Zambia, hapa inapita tu. Anayeshinda nanyi hapa, jua na mvua, mmempa kisogo."

Nilidhani anausema mlingoti.

Baba alishafariki, na hatuna picha yake hata moja. Mwaka huu nilipopata simu yenye kamera, nikaanza kuifuata reli nikipiga picha ishara za zamani kabla hazijaisha. Nyingine imeliwa na kutu, nyingine imelala majanini, nyingine haina mkono. Wenzangu wa kanisani wananicheka, eti bibi amepata kichaa cha vyuma. Waache wacheke. Ya baba niliiweka ya mwisho, nikingoja asubuhi yenye jua zuri. Nilipofika nikakuta kisiki, kimekatwa juzijuzi, chuma bado kinang'aa. Walioukata mlingoti wameshauuza kama chuma chakavu. Nilikaa chini nikalia, kisha nikakipiga picha hicho kisiki. Ningefanyaje?

Binti yangu alipokuja kunisalimia, nikamwonyesha. Akaigeuza simu huku na huku. "Sasa mama, hapa umepiga nini?"

Basi sikia, mwanangu. Simu unayo mfukoni, unapiga picha chipsi, unapiga viatu vipya. Mpige picha pia yule anayekungoja kila siku mpaka umemzoea. Usingoje jua zuri. Picha haimrudishi mtu, sikudanganyi, na mimi sina tena cha kutumaini katika hili. Majuto ni mjukuu, na huyu wangu amekuja kukaa.

Mungu akupe macho ya kukiona kilichosimama kingali kimesimama. Na siku utakapozeeka, mtu akikuambia usogee, Mungu akuwekee pembeni mtoto wa kusema, "Hapana, baba, kaa hapohapo."